Dakika 15 kati ya Ulaya na Mikumi
Mwiba mmoja wa nyuki unaweza kuua. Dawa ipo, ni ya zamani na ni ya bei nafuu. Swali la Kilosa ni nani awe nayo karibu.

Shoka linagonga mara ya tatu na mlio unabadilika: shina lina uwazi ndani. Kabla mkataji hajarudi nyuma, nyuki wameshatoka. Wachoma mkaa wawili wanatupa shoka na kukimbilia barabarani. Mmoja ameumwa mara kumi na zaidi na uso umeanza kuvimba. Mwenzake ameumwa mara moja tu, shingoni.

Aliyeumwa mara nyingi anakaa chini, anasonya, anaanza kuchomoa miiba. Aliyeumwa mara moja anajikuna viganja. Dakika chache baadaye anajikuna kwapa, tumbo na nyayo. Sauti inakwaruza kama ya mtu mwenye mafua makali. Anasema tumbo linamsokota, anakimbilia kichakani, anatapika. Anarudi akisema kifua kimebana. Kisha anasema anaona giza, na baada ya hapo hasemi tena.

Wawili hawa ni mfano tu, ndiyo maana hawana majina. Lakini kila hatua waliyopita ndiyo njia ya ugonjwa ambao madaktari huuita anafilaksia, yaani mzio mkali unaoshika mwili mzima kwa wakati mmoja. Na mahali pa mfano huu ni pa kweli: misitu ya miombo kati ya Mikumi na Kilosa, kwenye vijiji vya wilaya ya Kilosa, Tanzania, kama Ihombwe na Ulaya Mbuyuni, ambako mkaa, mashamba na asali vinategemea miti ileile.

Anayekufa hapa ni yule wa mwiba mmoja. Mwenzake mwenye uso uliovimba atarudi nyumbani.

Saa inayohesabu

Mwaka 2000, daktari Richard Pumphrey wa Uingereza alichapisha matokeo ya kuchunguza vifo vya anafilaksia nchini mwake. Alitaka kujua jambo moja lililo rahisi kuuliza: tangu mtu aumwe, au ale kinachomdhuru, hadi moyo au pumzi kusimama, hupita muda gani? Kwa waliokufa kwa chakula, muda wa kati ulikuwa dakika 30. Kwa waliokufa kwa sumu ya wadudu, ulikuwa dakika 15.

Dakika 15 zilipimwa katika nchi yenye magari ya wagonjwa na barabara za lami. Ziweke sasa kwenye njia za vumbi kati ya Mikumi na Kilosa, au kwenye njia ya miguu inayopanda milima ya Rubeho, wakati wa masika. Mikumi kuna Hospitali ya Mtakatifu Kizito. Kilosa mjini kuna hospitali ya wilaya. Kati ya miji hiyo miwili kuna zahanati na vituo vya afya, na kati ya zahanati na msitu kuna mwendo wa bodaboda au wa miguu.

Hapo ndipo hesabu inapogoma. Hata dereva wa bodaboda aliyekuwepo tayari, mwenye mafuta na mwenye moyo wa kusaidia, hawezi kumfikisha mgonjwa huyu kwenye sindano ya hospitali ndani ya robo saa. Kitu pekee kinachoweza kushindana na muda huo ni sindano ya dawa yake, adrenalini, iliyokwishakuwepo jirani.

> Kwa waliokufa kwa sumu ya wadudu, muda wa kati hadi moyo au pumzi kusimama ulikuwa dakika 15.

Kosa si la sumu

Sumu ya nyuki mmoja ni kidogo mno kumuua mtu mzima. Wataalamu hukadiria kwamba mtu mzima asiye na mzio huhitaji kuumwa mamia ya mara ndipo sumu yenyewe imuue, na mara nyingi huua kwa kuvunja misuli na kuzima figo, siku kadhaa baada ya tukio. Kwa mtoto idadi hiyo ni ndogo zaidi. Huo ni ugonjwa mwingine, nao una matibabu yake ya maji ya mishipa na uangalizi wa figo hospitalini.

Mzio ni jambo tofauti. Nyuki anapomuuma mtu mara ya kwanza, kinga ya mwili inaweza kuitambua sumu ile kama adui na kutengeneza askari maalumu dhidi yake. Hakuna dalili kubwa siku hiyo. Askari wale hukaa kwenye seli zilizotapakaa mwilini, kwenye ngozi, kwenye mapafu, kwenye utumbo. Siku nyuki anapouma tena, seli hizo hufunguka kwa pamoja na kumwaga histamini na kemikali nyingine. Mishipa ya damu hulegea na kuvuja, presha huanguka, njia ya hewa huvimba na kubana.

Ndiyo maana mtu anaweza kuwa amerina asali tangu utoto, kisha aanguke akiwa na miaka 40. Na ndiyo maana ule usemi wa vijijini kwamba "mimi nyuki wamenizoea" ni kweli kwa baadhi na hatari kwa wengine. Wafugaji nyuki wanaoumwa mara nyingi sana kila mwaka kwa kawaida hujenga ustahimilivu. Wanaoumwa mara chache chache, kama mke au mtoto wa mfugaji, au mkulima anayepita karibu na mizinga, ndio walio pabaya zaidi.

Tafiti za bara la Ulaya zinaonyesha kuwa kati ya watu 1,000, watu 3 hadi 75 wamewahi kupata dalili za mwili mzima baada ya kuumwa na nyuki au nyigu. Aliyewahi kuzipata ana uwezekano wa asilimia 30 hadi 60 wa kuzipata tena akiumwa. Lakini jambo linalopaswa kumkosesha usingizi mpangaji wa afya ni hili: sehemu kubwa ya waliokufa, karibu nusu au zaidi, hawakuwa wamewahi kuonyesha mzio kabla ya siku hiyo. Kuwagawia kinga wale wanaojijua tu hakutoshi.

Nyuki hayuko peke yake. Nyigu na mavu huweza kumfanyia mtu hivyohivyo, tena wao huuma mara kadhaa kwa sababu mwiba wao haubaki kwenye ngozi. Ndugu zetu walioko Oman na Falme za Kiarabu wanamjua mdudu mwingine, chungu mweusi mdogo aitwaye samsum, mwenye asili ya Afrika, ambaye mdungo wake umeua watu katika nchi za Ghuba kwa njia hiihii ya mzio.

Dalili zinazojificha kwenye ngozi yetu

Vitabu vingi vya huduma ya kwanza humwambia msomaji atafute wekundu. Vimeandikwa kwa ngozi nyeupe. Kwenye ngozi ya Msagara au Mkaguru wa Kilosa wekundu hauonekani vizuri, hasa chini ya kivuli cha msitu au usiku kwa mwanga wa tochi ya simu.

Kinachoonekana ni mabaka yaliyoinuka, mithili ya yale ya upupu, na kinachosikika ni mgonjwa mwenyewe akilalamika kuwashwa viganja, nyayo, kichwa na sehemu za siri. Pitisha mkono juu ya ngozi yake. Mabaka hayo hugusika hata pale yasipoonekana. Tazama midomo, ulimi na kope. Msikilize sauti.

Kisha kuna wagonjwa wasio na dalili yoyote ya ngozi. Ni kama mmoja au wawili kati ya kumi. Hao huanza moja kwa moja na kifua kubana, au tumbo kusokota na kuharisha, au kizunguzungu na kuzimia. Tumbo ndilo linalowadanganya wengi. Mtu anayeharisha na kutapika dakika kumi baada ya kuumwa na nyuki hana tatizo la chakula.

Uvimbe wa mahali palipoumwa ni habari nyingine. Mkono ukivimba kutoka kiganja hadi kiwiko na kukaa hivyo siku mbili, unatisha na unauma, lakini kama mtu anapumua vizuri, hatapiki na hana kizunguzungu, hiyo si anafilaksia. Kitambaa cha maji baridi na dawa ya maumivu vinatosha. Ni vizuri jamii ijue tofauti hii, ili wasikimbizane na uvimbe wa mkono huku mgonjwa halisi, asiye na uvimbe wa kutisha, akiachwa alale "apumzike".

> Kuumwa sehemu moja, kuugua sehemu mbili au zaidi za mwili: hapo hakuna tena la kusubiri.

"Kuna mkono wa mtu"

Kifo cha ghafla kwa mwiba mmoja hakiingii akilini kirahisi. Wote wameumwa na nyuki, wote wamepona. Kwa nini yeye? Katika vijiji vingi vya Tanzania jibu huwa tayari: nyuki wale walitumwa, kuna mkono wa mtu. Ikitokea marehemu alikuwa na ugomvi wa shamba, mpaka au mifugo, jina la mtumaji hupatikana kabla ya matanga kuanuliwa.

Sitaki kudharau imani ya mtu yeyote. Nasema tu kwamba maelezo haya yana gharama mbili. Ya kwanza humwangukia mzee fulani, mara nyingi mwanamke, atakayenyooshewa kidole. Ya pili huwaangukia walio hai katika familia ileile na kijiji kilekile, kwa sababu kifo kilichoandikwa kwenye hesabu ya uchawi hakiandikwi kwenye daftari la zahanati. Mganga mfawidhi hakijui, Mganga Mkuu wa Wilaya hakioni kwenye taarifa ya robo mwaka, na anapoagiza dawa Bohari ya Dawa hana sababu ya kuongeza ile ambayo ingemwokoa anayefuata.

Tiba za nyumbani nazo zinakula muda. Mgonjwa hunyweshwa maziwa ili "kukata sumu", hupakwa kitunguu, mafuta ya taa au udongo. Kitunguu kwenye uvimbe hakina madhara makubwa. Maziwa kwa mtu ambaye koo linavimba na anayetapika yanaweza kuingia kwenye mapafu. Hata kama yasingeingia, dakika tano za kutafuta ng'ombe wa nani ana maziwa ni theluthi ya muda wote uliopo.

Dawa ya tangu 1901

Adrenalini ilitengwa katika umbo safi mwaka 1901 na Jokichi Takamine, mkemia wa Kijapani aliyefanya kazi Marekani. Mwaka uliofuata, Wafaransa Charles Richet na Paul Portier walieleza kwa mara ya kwanza kisayansi namna mwili unavyoweza kuuawa na dozi ndogo ya pili ya kitu ambacho dozi ya kwanza haikuudhuru. Richet alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 1913. Ugonjwa na dawa yake vimejulikana kwa zaidi ya karne moja. Dawa haina hataza ya mtu. Imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani na kwenye mwongozo wa taifa wa matibabu wa Tanzania.

Kazi yake inajibu kila kitu ambacho ugonjwa umeharibu: hukaza mishipa iliyolegea na kuinua presha, hufungua njia za hewa, hupunguza uvimbe wa koo, na huzuia seli zisiendelee kumwaga kemikali. Hakuna dawa nyingine inayofanya yote hayo.

Huchomwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje, katikati. Mtu mzima na mtoto aliyezidi miaka 12 hupewa nusu miligramu, yaani nusu ya ampuli ya kawaida ya miligramu 1 kwa mililita 1. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 hupewa miligramu 0.3, na aliye chini ya miaka 6 miligramu 0.15. Hali isipobadilika, hurudiwa baada ya dakika tano. Baada ya hapo mgonjwa hukaa chini ya uangalizi kwa saa kadhaa, kwa kuwa dalili zinaweza kurudi bila kuumwa tena.

Hapa ndipo lilipo kosa linaloua watu wakiwa tayari wamefika kwa mhudumu, na si Kilosa tu. Limeandikwa duniani kote. Mgonjwa huchomwa haidrokotizoni, hupewa Piriton, kisha huangaliwa. Piriton hupunguza mwasho. Haifungui koo, haiinui presha. Haidrokotizoni huchukua saa kadhaa kuanza kazi. Dawa zote mbili zinaruhusiwa, lakini baada ya adrenalini, na hazichukui nafasi yake.

Kwa nini mhudumu aogope adrenalini? Kwa sababu amefundishwa, kwa haki kabisa, kwamba ni dawa ya moyo. Ikisukumwa yote kwa haraka kwenye mshipa wa damu inaweza kuuvuruga moyo hadi ukasimama. Lakini nusu miligramu kwenye msuli wa paja kwa mtu mwenye anafilaksia ni salama. Mgonjwa atatetemeka, moyo utamwenda mbio, atahisi hofu, kisha vitapita. Miongozo ya kimataifa ya mzio haitaji sababu yoyote ya kumnyima mgonjwa wa anafilaksia sindano hii, awe mzee, mjamzito au mwenye presha. Wanaotumia dawa za presha za kundi la propranololi na atenololi wanaweza kuhitaji dozi zaidi na msaada wa hospitali, na hiyo ni sababu ya kuwahi, si ya kuahirisha.

Mshikaki wa kifo

Kuna jambo moja ambalo kila dereva wa bodaboda wa Mikumi, Ulaya, Zombo na Kimamba anastahili kuambiwa, na sijaona likiambiwa.

Mgonjwa aliyezidiwa kijijini hubebwa mshikaki: dereva mbele, mgonjwa katikati, ndugu nyuma akimshikilia asianguke. Kwa mwenye mguu uliovunjika hilo ni mateso tu. Kwa mwenye anafilaksia linaweza kuwa ndilo linalomuua. Presha yake imeanguka na damu imejaa kwenye miguu. Akiketishwa wima, moyo unabaki hauna damu ya kusukuma. Mwaka 2003 Pumphrey huyohuyo aliandika kuhusu wagonjwa waliokufa kwa mshtuko wa mzio, wakiwamo walioanguka muda mfupi tu baada ya kuinuliwa au kuketishwa.

Mgonjwa alazwe chali, miguu iinuliwe. Kama anapumua kwa shida sana aruhusiwe kuegemea, miguu ikiwa imenyooshwa mbele. Akizimia au akitapika alazwe ubavu. Asisimamishwe "ajaribu kutembea". Apelekwe akiwa amelala: nyuma ya pikapu, kwenye kiti cha gari la Noah kilicholazwa, kwenye kitanda cha kamba mabegani mwa vijana. Na kama zahanati iko jirani, mhudumu na sindano wafuate mgonjwa, kwa bodaboda hiyohiyo.

Mwiba uliobaki kwenye ngozi utolewe mara moja, kwa kucha au kwa kisu, kwa namna yoyote. Kifuko chake huendelea kusukuma sumu, na utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kuwa lenye maana ni haraka, si ufundi wa kuutoa.

> Mhudumu na sindano wamfuate mgonjwa. Mgonjwa asiketishwe kwenye pikipiki.

Msitu, mizinga na tembo

Mtu anaweza kusema: basi nyuki wakae mbali. Kilosa haiwezi, na haipaswi.

Nyuki wa hapa ni yule wa Afrika Mashariki, mwepesi wa hasira, ambaye jamaa zake waliopelekwa Brazili mwaka 1956 waliponyoka na kusambaa sehemu kubwa ya bara la Amerika hadi Marekani. Hasira yake ina sehemu katika historia yetu: Novemba 1914 makundi ya nyuki yaliwashambulia wanajeshi katika mapigano ya Tanga, na Waingereza wakayaita mapigano ya nyuki.

Lakini nyuki huyo ndiye anayechavusha miombo na mashamba, na ndiye anayefanya msitu uliosimama uwe na thamani. Kilosa imekuwa wilaya ya mfano katika mradi wa mkaa endelevu ulioendeshwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania, TFCG, pamoja na mtandao wa jamii wa MJUMITA kuanzia mwaka 2012, ambapo vijiji vilitenga misitu yao, vikavuna sehemu kwa zamu na kuacha sehemu ikue. Ufugaji nyuki ni mwenzi wa asili wa mpango wa namna hiyo. Serikali nayo ina kampeni ya Achia Shoka, Kamata Mzinga.

Na kuna tembo. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye kilomita za mraba 3,230, haina ukuta. Nchini Kenya, karibu na Tsavo, mtafiti Lucy King alionyesha kwamba uzio wa mizinga iliyounganishwa kwa waya huwafanya tembo wengi wageuke kabla ya kufika shambani. Njia hiyo imetumika pia upande wa Udzungwa, jirani kabisa na hapa. Kwa mkulima wa mahindi anayelala juu ya dungu kulinda shamba, mzinga ni mlinzi na ni kipato.

Hivyo mizinga itaongezeka, na itasogea karibu na nyumba, visima na njia za shule. Wenye miradi ya nyuki huwa na wasiwasi kwamba ukizungumzia vifo utawakimbiza wafugaji wapya. Mimi naona kinyume chake. Mradi unaogawa mizinga 50, mavazi na mabomba ya moshi bila kuuliza zahanati ya kijiji hicho ina ampuli ngapi za adrenalini ni mradi uliosahau kifaa kimoja. Kifo kimoja cha mtoto karibu na mzinga kitaua imani ya kijiji kizima kwa ufugaji nyuki, na hakuna semina itakayoirudisha.

Kwa mwenye mzio anayejijua, ipo pia njia ya nyuki wadogo wasiodunga. Asali yao ni kidogo lakini huuzwa ghali kuliko ya nyuki wakubwa, na wanafugika hata ukutani mwa nyumba.

Nani ashike sindano?

Hili ndilo linalogawanya watu wa afya, na pande zote mbili zina hoja.

Upande mmoja unasema sindano ni ya mtaalamu. Ampuli ya adrenalini inahitaji kuvunjwa, kuvutwa kwenye bomba na kupimwa dozi, mikono ikitetemeka. Anayekosea anaweza kutoa dozi mara mbili au kuingia kwenye mshipa. Mabomba yanaweza kurudiwa kutumika, na tunajua VVU husambaa vipi. Dawa inapaswa kukaa chini ya nyuzijoto 25 na mbali na mwanga. Mfuko wa mrina asali katika joto la bonde la Mkata si mahali pake. Tena kuna atakayechomwa kwa sababu ya hofu tu.

Upande wa pili unajibu kwa neno moja: dakika. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2013 ya kuhimiza shule ziweke adrenalini ya dharura, na Uingereza iliruhusu shule kuinunua na kuitunza kuanzia Oktoba 2017. Watumishi wa shule, si madaktari, ndio wanaoitumia. Wao wana sindano maalumu iliyokwishapimwa dozi, unayoibandika pajani ikajichoma yenyewe. Sindano hizo ni ghali; mwaka 2016 jozi moja ya EpiPen ilifika takriban dola 600 Marekani na kuzua kelele hadi bungeni. Mwaka 2024 nchi hiyo iliidhinisha adrenalini ya kupuliza puani. Kusubiri bei hizo zishuke hadi mfuko wa mchoma mkaa wa kijiji cha Msimba ni kusubiri muda mrefu.

Lakini hoja ya kwamba mwanakijiji hawezi kujifunza sindano haisimami. Wapo wagonjwa wa kisukari nchini mwetu, wengine hawakumaliza shule ya msingi, wanaojichoma insulini kila siku kwa dozi wanayoipima wenyewe.

Uamuzi wangu baada ya kuzipima hoja hizi ni kwamba tusianze na mfuko wa kila mrina asali. Tuanze na zahanati. Kila zahanati inayozungukwa na msitu, mizinga au mashamba ya miwa iwe na ampuli za adrenalini, mabomba ya mililita 1 na karatasi ya dozi iliyobandikwa ukutani kwa Kiswahili, juu ya meza ya sindano. Mhudumu wa zamu, hata kama ni muuguzi peke yake usiku, awe na ruhusa iliyoandikwa ya kuchoma kwanza na kupiga simu baadaye.

Hatua ya pili ni wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mpango wa kitaifa uliozinduliwa Januari 2024 unalenga kuwafundisha zaidi ya watu 137,000 nchi nzima. Mafunzo yao yanaweza kubeba saa moja ya anafilaksia, na wale wa vijiji vilivyo mbali na zahanati wanaweza kukabidhiwa kasha lenye ampuli mbili, kwa daftari na tarehe ya kwisha muda. Vikundi vya mkaa na vya nyuki viteue mtu wao afundishwe pamoja nao. Waajiri wakubwa, kama mashamba ya miwa ya Ruembe na Kidatu, tayari wanabanwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 kuhusu huduma ya kwanza. Adrenalini iwe ndani ya huduma hiyo.

Hatua ya tatu ni usafiri. Mfumo wa m-mama, kwa simu ya bure 115, umewafanya madereva wa kawaida wa vijijini kuwa sehemu ya rufaa ya wajawazito na watoto wachanga, kwa malipo yanayoeleweka. Madereva haohao wanajua kila njia. Kuwaongezea mgonjwa wa mzio mkali ni uamuzi wa utawala, hauhitaji kununua gari hata moja.

Hayo yote yako ndani ya uwezo wa Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa na Wizara ya Afya katika bajeti moja ya mwaka. Baraza la madiwani linaweza kuanza na swali moja katika kikao kijacho: ni zahanati zipi zina adrenalini leo, na ni wahudumu wangapi wamewahi kuichoma?

Nawe msomaji, kama wewe au mwanao aliwahi kuvimba midomo, kuishiwa pumzi au kuzimia baada ya kuumwa na nyuki, nyigu au mavu, usingoje msimu wa kurina. Nenda zahanati yenu wiki hii, mwambie mhudumu aandike mzio huo kwenye kadi yako, na umwombe akuonyeshe kwa macho ampuli ya adrenalini ilipo. Kama haipo, mwandikie mganga mfawidhi na nakala kwa diwani wako.